Nyumba ya Placide kule Mulongwe

Kalundu, tarehe 12 mwezi wa kwanza 1964

Kwa mutoto wangu Placide, karani wa serikali, Bukavu.

Nakusalimia weye, nasalimia na muke wako Apolline pamoja na tumbo yake. Miye niko muzima. Mama yako Pétronille iko muzima, isipokuwa magoti yanamuuma juu ya mvua. Ziwa limepanda mwaka huu kuliko miaka yote, linakuja mupaka ku mizizi ya miti ya mawese. Mbuzi ile nyeusi ilizaa mapacha, mama yako anasema moja ni ya mujukuu.

Barua hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Octave mwashi alitaka kuniandikia, nikamukatalia. Mapadri walinifundisha herufi, na kama singekuwa na mabega ya kubeba mizigo wangenifanya mwalimu. Weye unajua: hakuna muntu ku bandari ya Kalundu alibeba mashini ya kushona ya muzungu juu ya kichwa, toka ku mashua mupaka ku depo ya mizigo, bila kuitua chini, isipokuwa baba yako. Wakati nilikuwa kapita, mukubwa wa wabebaji, miye nikikohoa tu, watu wanasimama.

Sasa nisikie. Ku Noeli uliniandikia nikusaidie mupate nyumba, juu mumechoka chumba cha kupanga, na ule mama Generose mwenye nyumba anachungulia kila mara Apolline akiwasha makaa. Nilisoma ile maneno nikaona haya. Mutoto wa Pontien anaomba ruhusa ya kupika maharagwe. Nikavaa koti, nikatoka.

Nyumba nimepata. Iko hapa Uvira, ku Mulongwe. Ni ya Sévère, ule anauzisha chumvi na ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Matofali ya kuchoma, mabati haina kutu, vyumba vitatu, jikoni pembeni. Bei usiniulize. Niko na ng'ombe ku mulima kwa rafiki yangu Rwabuhihi, na muntu wa ziwa mwenye ng'ombe ku mulima haulizwi bei.

Kitu kimoja tu. Desturi unaijua: nyumba haijawa yako mupaka majirani wa pande zote mbili watembee naweye ku mipaka, wapande mimea ya mupaka pamoja naweye, wanywe kasiksi yako, pombe ya ndizi, na wakule chakula kilipikwa mu ile nyumba. Kuja mbele ya Pasaka.

Miye baba yako Pontien, kapita.


Bukavu, 4 Februari 1964

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Hapa tunaendelea. Apolline miguu inavimba jioni, lakini masista wa dispansari wanasema ni kawaida. Mvua ya Bukavu haiishi, na nguo hazikauki. Mwambie mama asante kwa mbuzi.

Baba, huenda sikueleza vizuri ile barua ya Noeli. Nyumba niliyoiandika ni ya hapa Bukavu. Kaka yake Apolline alituonyesha parseli, kiwanja cha kujenga, mtaa wa Kadutu, karibu na biro ninakofanya kazi. Nilitaka msaada wako kwa hiyo: mbao, mwashi mmoja wa kuaminika, na neno lako mbele ya mwenye parseli, kwa sababu watu wa hapa wanataka kumwona mzazi wa mnunuzi. Uvira sikuitaja.

Nyumba ya Sévère naikumbuka. Ni nzuri, lakini iko karibu mno na mto. Tena kazi yangu iko huku, na biro haitoi ruhusa kabla ya Pasaka. Ninaomba usitoe ng'ombe, wala usifunge neno lolote na Sévère. Tungoje kwanza mtoto azaliwe, halafu tutazungumza ana kwa ana.

Niandikie kwamba umenielewa.

Mwanao Placide.


Kalundu, tarehe 8 mwezi wa tatu 1964

Mutoto wangu Placide,

Salamu kwako na kwa muke wako. Kama miguu inavimba, ainue juu ya kiti, mama yako alifanya vile na weye ukatoka na kichwa kikubwa bila shida. Mama yako anakusalimia. Mbuzi moja ilikufa, ile ya mujukuu iko.

Barua yako ilifika imelowa. Mistari ya katikati sikuisoma. Ile niliona, ni kama unashukuru. Basi, usishukuru, ni kazi ya baba.

Na Sévère tumemaliza. Juu Sévère hangoji Pasaka na weye haujakuja, nilichukua shati yako ya shule, ile ya mikono mifupi mama yako alikuwa ameficha mu sanduku. Nikaibeba mu mikono mbele ya watu. Tukatembea ku mipaka, Octave, jirani wa upande wa mulima, Marie-Jeanne, jirani wa upande wa muto, miye katikati na shati. Octave akasema, "Kapita, ile shati itakunywa kasiksi?" Nikamujibu, "Itakunywa kuliko weye, juu mwenyewe ni karani." Walicheka, lakini walipanda mimea. Marie-Jeanne akaweka mukono juu ya shati akasema, "Placide, karibu jirani." Wote wawili walisema vile. Sasa hata kiongozi wa muji hawezi kusema haukuwa pale.

Tulipika wali wa Sange na samaki ya mikeke. Hakuna harusi mu Mulongwe ilikula vile. Nilimuambia kila muntu: nyumba hii ni ya Placide, karani mukubwa ku biro ya serikali, Bukavu, anaandika na mashini bila kuangalia vidole.

Mabati haivuji hata kidogo. Jana muto ulijaa ukaingia mu jikoni, mama yako akainua kinu na unga juu ya matofali, mbele ya saa sita maji yalikuwa yamerudia. Haina shida.

Ngoja sasa nikuulize kitu. Unaandika mengi juu ya biro, na juu ya kaka ya Apolline. Siku ya kuja hauandiki.

Baba yako Pontien.


Bukavu, 5 Aprili 1964

Baba,

Nakusalimu pamoja na mama. Apolline amejifungua wiki iliyopita, msichana, na wote wawili ni wazima. Tumemwita Célestine. Ana kichwa kikubwa, mwambie mama.

Barua ya kwanza hukuielewa, au ulielewa ukaamua kusoma unachotaka. Nilikuambia usifunge neno. Ukafunga, tena kwa shati langu.

Lakini kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Baba, mto wa Mulongwe haujawahi kuingia jikoni kwetu Kalundu. Kwa nini unga wa mama ulikuwa Mulongwe? Nilipokuwa najiuliza, Marie-Jeanne alifika huku kuuza ndagala, akapita kumwona mtoto. Akaniambia, "Wazazi wako ni majirani wazuri, ila baba yako anaimba asubuhi mapema mno." Nikamwuliza, "Majirani wa nani?" Akaanza kusifu mtoto.

Nani anakaa kwenye nyumba yetu ya Kalundu? Nyumba nilimozaliwa mimi, nyumba uliyoijenga kwa mgongo wako, iko wapi? Usiniandikie mambo ya mabati. Nijibu hilo.

Placide.


Mulongwe, tarehe 26 mwezi wa ine 1964

Mutoto wangu Placide,

Tumefurahi sana juu ya Célestine. Mama yako alicheza mu parseli na magoti yake yote. Alipeleka unga na asali kwa mikono ya Marie-Jeanne, kama haijafika, Marie-Jeanne ameikula, mwulize.

Sasa unaona niko naandika Mulongwe juu ya karatasi. Basi, ndiyo. Unataka kujua, ujue.

Sévère alikataa ng'ombe. Rwabuhihi mwenyewe alishuka toka ku mulima kumuelezea uzuri wao, ginsi moja iko na pembe kama mikono ya padri mu misa. Sévère akasema ng'ombe hazimusaidii, yeye alitaka parseli karibu na bandari, mizigo yake isitembee mbali. Akaangalia parseli yangu. Nikamuangalia naye. Tukabadilishana. Hakuna muntu alinilazimisha. Miye njo nilisema kwanza.

Usifikiri tunaikala mu nyumba yako kama wenyewe. Chumba kikubwa kimefungwa, ni cha weye na Apolline, hata kuingia mule siingii. Miye na mama yako tunalala ku chumba cha nyuma. Nyumba haiwezi kubaki bila moshi, watu watasema haina mwenyewe. Kwa hiyo miye kapita, leo niko zamu, mulinzi wa nyumba ya mutoto wangu. Na mu Uvira nzima hakuna zamu analinda kama miye.

Utaniuliza kwa nini sikuifanya yangu, halafu nikakupa kisha. Mutoto, weye umesoma lakini baba zako wadogo hauwajui. Siku nitakufa, kila kitu kinaitwa cha Pontien watagawana mupaka mwiko ya mama yako. Nyumba ya Kalundu wangeivunja ukuta ku ukuta. Hii hawawezi kuigusa. Haijawa ya Pontien hata siku moja. Octave anajua, Marie-Jeanne anajua, watoto wanaocheza ku muto wanajua: ni ya Placide, karani wa serikali. Nasema vile kila mahali, ku soko, ku kilabu, mbele ya kanisa.

Mu bonde ya Ruzizi mambo si mazuri. Magari ya Sange yamepungua, vijana wanaenda mu pori na wanarudia na majani ku kichwa. Itapita. Nimeona Waarabu, nimeona Wabelgiji, nimeona uhuru. Kuja.

Pontien, zamu.


Bukavu, 9 Juni 1964

Baba,

Barua hii naipitisha Bujumbura, kwa mikono ya mfanyabiashara ambaye sitamtaja. Sijui kama itafika. Tangu waasi waingie Uvira mwezi uliopita hatupati habari, ila za watu waliokimbia, na kila mmoja anasema lake. Célestine anacheka sasa. Apolline anawaombea kila jioni.

Barua yako ya Aprili niliipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu njia zikafungwa. Hasira tuiweke pembeni.

Nisikilize. Watu waliofika hapa wanasema waasi wanatafuta makarani wa serikali. Wasipowapata wanachukua nyumba zao, na waliomo ndani wanapigwa, au vibaya zaidi. Na wewe umetangaza jina langu na kazi yangu sokoni, kilabuni na mbele ya kanisa.

Ninakuomba kitu kidogo sana. Wakija kuuliza, sema nyumba ni yako. Ulikuwa mbebaji wa bandarini, mzee, hawana neno na wewe. Sema huna mtoto Bukavu. Sema nilikufa ukitaka. Kisha, njia ikipatikana, mchukue mama mvuke Burundi.

Ni neno moja tu, baba. Yangu. Liseme.

Mwanao.


Mulongwe, tarehe 3 mwezi wa saba 1964

Mutoto wangu,

Salamu kwa wote, na kwa Célestine ule anacheka. Barua yako ilifika, usiniulize ginsi gani. Mama yako iko. Chumvi haipatikani. Mbuzi, wale waasi njo walikula.

Walikuja. Vijana na mikuki na bunduki moja, mukubwa wao amevaa ngozi ku kichwa. Miye namujua, mutoto wa juzi, alikuwa anaokota ndagala zilizoanguka wakati wangu ku bandari. Mama yako alitoka akasimama karibu yangu.

"Muzee, nyumba ya nani?"

"Ya mutoto wangu."

"Ule mutoto iko wapi?"

"Iko ku kazi."

"Kazi gani?"

Mama yako akanikanyaga muguu. Yule kijana akasema, "Si njo ule karani wa Bukavu ulikuwa unatusifia ku kilabu?"

Nikamuambia, "Kumbe ulikuwa unanisikia. Na kunisalimia haukunisalimia."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Akaja karibu, akasema polepole, na nadhani alikuwa ananihurumia, "Kapita, sema tu nyumba ni yako. Miye nitasema nilikosea, tutaenda. Nyumba ya karani ni ya mapinduzi."

Octave na Marie-Jeanne walikuwa wanaangalia juu ya mimea ya mupaka. Wote wawili. Nikasema, "Miye niko zamu. Zamu hatoi nyumba ya muntu. Mungoje mwenyewe."

Akasema watarudia. Kama unaona herufi zinalala, ni juu ya mukono. Nilianguka.

Weye unaniambia neno moja tu. Kwako ni neno. Nikisema yangu mbele ya wale wawili walitembea na shati yako, imekuwa yangu, imekwisha, na Kalundu niliitoa bure. Ndugu zangu wako Kalundu, habari ingefika mbele ya jua kuzama. Sisemi. Na kukuua na mudomo yangu, juu ya mutoto wa ngozi ku kichwa, sisemi vilevile.

Kuvuka pia sivuki. Nyumba yangu ningeiacha. Ya muntu siwezi kuiacha wazi.

Pontien.


Bukavu, 29 Julai 1964

Baba,

Apolline na mtoto ni wazima. Marie-Jeanne amefika hapa jana kwa njia ya Burundi na Rwanda, miguu imejaa malengelenge. Amesema hukuanguka. Amesema walikupiga kwa kitako cha bunduki, na mama alilala juu yako ndipo wakaacha. Amesema mkono haunyooki, na kwamba wamewapa muda, halafu watarudi kuchoma.

Kuna jambo sikuliandika tangu Januari, nitaliandika sasa. Sikuogopa mto, wala biro haikuninyima ruhusa. Sikuomba ruhusa. Nilijua kwamba nyumba yoyote utakayonipa Uvira, utakuwa kapita ndani yake, na mimi mbebaji. Ndiyo maana nilitaka Kadutu. Sikujua ungefunga chumba kikubwa ukalala nyuma.

Kwa hiyo nisome vizuri, na mistari ya katikati pia. Nyumba ya Mulongwe ni nyumba yangu. Naipokea. Yale majirani waliyoyasema juu ya shati, nayakubali kwa kinywa changu, na Marie-Jeanne ameshasikia nikisema hapa mbele ya Apolline. Mwenye nyumba ni mimi.

Wewe umejiita zamu. Zamu wangu, kazi imekwisha. Siku utakayopata barua hii, mchukue mama, toka. Usifunge mlango. Usibebe kitu kizito. Moshi uzimike, mipaka iliwe na mbuzi, chumba kikubwa walale wanaotaka.

Hili si ombi la mtoto. Ni amri ya mwenye nyumba.

Placide.


Gatumba, Burundi, tarehe 13 mwezi wa tisa 1964

Kwa mutoto wangu Placide.

Tulisikia bunduki zilifika mupaka Bukavu mwezi wa nane. Andika upesi kama muko wazima, weye, Apolline, Célestine. Mama yako halali juu ya ile. Miye nalala, lakini vibaya. Mukono umeanza kunyooka, na wa kushoto nao unajua kuandika kidogo, njo unaona herufi hizi, Octave angefanya vibaya zaidi.

Barua yako ilifika siku ya soko. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Mama yako akauliza, "Anasema nini?" Nikamuambia, "Anatufukuza." Akaanza kufunga mikeka bila kuuliza ya pili, kumbe alikuwa amengoja tangu zamani.

Lakini siwezi kutoka kama mwizi. Nilienda kwanza kwa Octave, nikamuita na mutoto wa Marie-Jeanne, ule mukubwa, asimame mahali ya mama yake. Nikawasomea yote, polepole, na sauti ya kapita. Pale uliandika "nyumba yangu" nikasimama nikaangalia Octave. Nikamuuliza, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia." Nikamuuliza mutoto wa Marie-Jeanne. Akasema amesikia. Nikasema, "Basi zamu anaenda, mwenyewe amemutoa." Octave alitoa kofia. Miaka yote nilimujua, hakuwahi kunitolea kofia.

Tukapita mu mashamba, tukavuka Ruzizi na mutumbwi ya muntu, mama yako amebeba shati yako tu na chungu kimoja. Hapa watu wa Uvira ni wengi chini ya majani ya ndizi. Wote wanalia juu ya nyumba zao. Wananiuliza, "Na weye kapita, umeacha yako?" Nawaambia miye sina nyumba, niko na mutoto mwenye nyumba, aliniamuru nitoke na nilitii. Wanashangaa. Hakuna mwingine hapa aliamuriwa.

Muntu mumoja alifika juzi anasema wameweka moto ku Mulongwe, hajui parseli gani. Labda si yako. Labda ni yako. Baba zako wadogo, nao walikimbilia hapa, walikuwa karibu yangu wakati anasema. Nikawaangalia. Mudogo wangu akaanza, "Nyumba ya kaka yetu…" Nikamukatiza. Nikamuambia, hata kama inaungua, ni ya Placide njo inaungua.



Baba yako Pontien.